Saa moja ya Jumapili haitoshi: nyimbo za zamani kwenye redio za Lubumbashi

Mama yangu ana redio ndogo ya betri ambayo huiweka kwenye kiti karibu na kitanda chake, katika nyumba yetu ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi hapa Congo, na kila jioni, umeme uwepo au usiwepo, huizungusha polepole kutoka mwanzo wa masafa ya FM hadi mwisho wake. Anatafuta wimbo wa utulivu. Hukutana na mahubiri, kisha mjadala wa siasa, kisha matokeo ya mpira, kisha muziki wa kucheza ambao mtangazaji anaupigia kelele juu yake, kisha mahubiri tena. Akifika mwisho huizima na kusema kwamba redio za siku hizi hazimjui. Nimelisikia neno hilo kwa miaka mingi, na nimekuja kuamini kwamba ana haki. Katika mji huu wenye vituo vingi vya redio, sijakuta hata kimoja ambacho mtu mzima anaweza kukifungua jioni yoyote akiwa na hakika kwamba atasikia nyimbo za ujana wake, zikipigwa hadi mwisho, na mtu akizitaja kwa majina.

Sisemi kwamba nyimbo hizo hazipigwi kabisa. Ipo ile saa ya Jumapili, watu wakiwa wametoka misa au wanakula, ambapo mtangazaji huleta santuri chache za wakubwa wa rumba ya Congo, za Grand Kallé, za Franco, za Tabu Ley au za Mpongo Love, na katika nyua nyingi za mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya sauti ya redio hupandishwa. Lakini saa hiyo moja hubebeshwa kila kitu: salamu za wasikilizaji, matangazo ya biashara, pongezi za ndoa. Rumba ya miaka ya 1970 na 1980 ilitungwa kwa subira. Kwanza mwimbaji anasimulia kisa chake bila haraka, na baadaye ndipo magitaa yanaachiwa njia na sebene, ile sehemu ya kucheza, inaanza. Wimbo mmoja uliweza kujaza upande mzima wa santuri, au kuanzia upande wa kwanza na kumalizikia upande wa pili. Mtangazaji mwenye dakika nne ama huukata kabla ya sebene, ama huanzia kwenye sebene na kuyaacha maneno, na kwa vyovyote vile msikilizaji anapewa nusu ya sahani.

Kuna siku nyingine ambazo redio zetu hukumbuka, nazo ni siku za msiba. Franco Luambo Makiadi alipofariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, serikali ilitangaza siku nne za maombolezo, na redio ya taifa ikapiga nyimbo zake asubuhi hadi usiku. Nilikuwa kijana wakati ule, na nakumbuka kwamba ungeweza kutembea kutoka sokoni hadi nyumbani bila wimbo kukatika masikioni, kwa sababu kila ua ulikuwa umefungua kituo kilekile. Tabu Ley alipofariki Bruxelles tarehe 30 Novemba 2013, jambo hilo lilijirudia kwa kiasi chake. Siku hizo zilinionyesha kwamba santuri na kanda hupatikana zikitafutwa, na kwamba watu husikiliza, wakiwemo vijana. Inaniuma kwamba mwanamuziki sharti afe ndipo kazi yake ipewe nafasi ya kutosha hewani. Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Congo zote mbili katika urithi wa utamaduni wa binadamu, nasi tulifurahi na kupongezana. Jioni ile mama yangu aliizungusha redio yake kama kawaida, akaambulia kusikia habari kwamba rumba imetukuzwa, lakini rumba yenyewe hakuipata.

Niliwahi kumwendea mkuu wa vipindi wa kituo kimoja cha hapa mjini, ambacho sitakitaja, nikamwomba saa mbili kila jioni kwa ajili ya nyimbo za zamani na muziki wa polepole. Alinipokea kwa heshima na kunieleza hesabu zake bila kuficha. Mtambo wa kurushia matangazo unakula umeme mchana kutwa. Umeme ukikatika, jenereta inakula mafuta. Na saa za jioni, ambazo ndizo zenye wasikilizaji wengi, hununuliwa na makanisa, na wakati wa uchaguzi hununuliwa na wanasiasa. «Baba, nani atalipia saa hizo mbili?» aliniuliza. Siku ile sikuwa na jibu, nikarudi nyumbani nikiwa nimenyamaza. Simlaumu, kwa sababu mishahara ya watu wake inatoka humo. Lakini swali lake limekaa nami, na nadhani leo naweza kulijibu, angalau kwa sehemu.

Kwanza, tatizo hili haliko kwetu peke yetu. Nchini Uingereza, BBC Radio 2, iliyoanza mwaka 1967 mahali pa Light Programme, ilikuwa kwa muda mrefu kimbilio la wapenda muziki tulivu, lakini kadiri miaka ilivyopita iliwageukia wasikilizaji wa umri mdogo zaidi, na wazee wakabaki wakitafuta pa kwenda. Mwezi Februari 2021, watu wenye uzoefu mkubwa wa redio walianzisha Boom Radio kwa ajili ya waliozaliwa katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwa kuwa UVIKO ilikuwa imewafungia watu majumbani, watangazaji wake walifanya kazi kutoka nyumbani kwao. Ufaransa nako, Radio Nostalgie ilizaliwa katika mji wa Lyon mwaka 1983 na kuishi kwa nyimbo ambazo wasikilizaji walikuwa wamekwisha kuzipenda. Kila mahali kisa ni kilekile: wenye matangazo ya biashara huwakimbilia vijana, wakiamini kwamba mzee amekwisha kuchagua sabuni yake na hatabadilisha, hata ajitokeze mtu wa kuthubutu kuwahesabu wazee kuwa ni wateja.

Waingereza wana faida moja tusiyokuwa nayo. Kwa mfumo wao wa redio ya kidijitali, vituo vingi hupanda pamoja juu ya wimbi moja na kugawana gharama za mnara, kama abiria wanaogawana nauli ya gari moja, kwa hiyo hata kituo chenye wasikilizaji wachache kinaweza kupata kiti. Sisi bado tuko kwenye FM ya kawaida, ambapo kila kituo kinahitaji masafa yake, mtambo wake na jenereta yake. Ndiyo maana siombi kituo kipya kijengwe kesho. Naomba saa za jioni katika kituo kilichopo, na kipindi kinachoweza kutayarishwa nyumbani, kwenye kompyuta moja, na mtu anayezijua nyimbo, kisha kikapelekwa kwenye flashi. Gharama inayobaki ni ya saa za hewani peke yake.

Na wa kuzilipia saa hizo wapo, tukiwatazama vizuri wasikilizaji wenyewe. Katika mji huu kuna maelfu ya wazee waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na familia zao. Mwaka 2003 peke yake, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mfanyabiashara anayesema kwamba watu hao hawana fedha hajakaa katika nyumba zetu. Mtoto akitaka kujenga, mzee ndiye anayeulizwa mabati yanunuliwe kwa nani. Ndoa ikikaribia, mzee ndiye anayetajiwa ukumbi. Na dawa zake za presha hununuliwa kila mwezi na watoto walioko kazini, wengine huko Kolwezi, wengine ng’ambo. Famasi, duka la vifaa vya ujenzi na mwenye ukumbi wa sherehe wakichangia pamoja, hakuna kati yao atakayeumia.

Hata hivyo hesabu za fedha sizo zinazonikosesha usingizi. Tukizungumzia muziki tulivu, Katanga, eneo letu hili, haikuhitaji kufundishwa na mtu. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alikutana na kijana aliyezaliwa mwaka 1930, Jean-Bosco Mwenda, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Alikuwa na gitaa moja tu. Alilipiga kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likishika nyuzi nzito na kidole cha pili kikitembea juu yake, hata msikilizaji adhani kwamba wapigaji ni wawili. Na juu ya hapo sauti isiyopanda, inayosema Kiswahili cha huku kwetu kama mtu anayezungumza na jirani. Walikuwapo pia Edouard Masengo na Losta Abelo, na katika muziki wa aina hiyo ilitosha mwenzako agonge chupa tupu, ngoma isihitajike. Nausikiliza muziki huo kila wiki, na sijui muziki mwingine unaofaa zaidi kwa jioni ya mtu aliyechoka. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Hapa, ambapo nyimbo zenyewe zilizaliwa, zinaweza kupita wiki nyingi bila gitaa hilo kusikika hewani.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini wengi wa kwetu walitunzwa ugenini. Orchestra Maquis ilitoka Kamina, mji wa huku Katanga, ikaenda kuwa bendi kubwa ya Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Baba Gaston, Ilunga wa Ilunga, mtu wa Likasi, alipita Dar es Salaam na kuweka makao Nairobi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alipendwa Tanzania hadi alipofariki huko mwaka 2010. Radio Tanzania ilikuwa na desturi ya kuzirekodi bendi katika studio yake yenyewe, kwa hiyo kanda zilibaki mikononi mwa redio, na Watanzania wakawa na neno ambalo kila mtoto analielewa, zilipendwa, na vipindi vyenye jina hilo. Basi mimi, mtu wa Lubumbashi, nimewasikiliza wana wa Kamina kutoka Dar es Salaam, kupitia simu, nikiwa nimekaa Katuba. Nawashukuru ndugu wa huko kwa kututunzia. Lakini ni shukrani yenye aibu ndani yake.

Hapo ndipo vijana huniambia kwamba nimejijibu mwenyewe: kama nyimbo ziko kwenye simu, redio ya nini? Nawaomba wamtazame mama yangu. Hana simu ya kugusa kwa kidole, macho yake yamepungua, na mega za intaneti za kusikiliza saa mbili kila jioni zingemaliza fedha ya mboga. Betri mbili za redio hudumu wiki kadhaa. Tena kuna upungufu mwingine ambao vijana wenyewe ndio wanaoumia nao. Kwa wale wanaouza nyimbo sokoni unaweza kununua flashi yenye nyimbo elfu moja za zamani, lakini zimeandikwa namba tu, wimbo wa saba, wimbo wa themanini, bila mwimbaji, bila mwaka, bila bendi. Dereva wa teksibasi mmoja alikuwa akipiga wimbo wa African Jazz kwa sauti ya juu, naye anaupenda kwelikweli. Nilipomuuliza ni nani anayeimba, alijibu kwamba ni «wazee». Flashi haiwezi kumwambia kwamba yule ni Kabasele, ndiye Grand Kallé, kwamba mwanzoni mwa mwaka 1960 alikwenda Bruxelles na wenzake wakati wa Meza ya Duara, mkutano wa kujadili uhuru wa Congo, na kwamba huko walirekodi wimbo wa uhuru. Hilo ni la mtangazaji kumwambia, kwa sentensi mbili, kabla ya kuuachia wimbo.

Zamani, katika nyumba nyingi za mji huu, ukutani palitundikwa picha iliyochorwa na fundi wa mtaani, nasi tuliiita ukumbusho: mamba muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, au askari wa wakati wa Wabelgiji, au reli na bomba la moshi la kiwanda. Chini ya picha hiyo, kwetu, ndipo redio ilipokaa. Baba alirudi kazini, akanawa, akakaa akiitazama picha na kuisikiliza redio, na sisi watoto tulijua kwamba wakati huo hakuna kupiga kelele. Kipindi ninachokitaka kingekuwa na adabu ya saa ile. Kingeanza jua likizama na kuendelea hadi wazee wanapolala, kwa saa zetu, kwani Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja na vipindi vya kule havifuati jioni yetu. Rumba ya Kilingala ingekuwamo, kwa sababu ni yetu pia, lakini kila jioni ingepigwa walau robo saa ya magitaa ya Katanga. Mtangazaji angezungumza Kiswahili cha heshima, asiingilie sebene, na akimtaja mtu aliyefariki aseme marehemu.

Marehemu baba aliacha sanduku la santuri, nyingi ni zile ndogo za mizunguko arobaini na tano kwa dakika, baadhi zimekwaruzika, na nyingine bado ziko katika mifuko yake ya karatasi. Nimeziandikia orodha kwa mkono: jina la wimbo, bendi, na kampuni iliyotoa. Mkuu wa vipindi yeyote wa hapa Lubumbashi atakayekubali kunipa hata saa moja ya jioni, siku za kazi, namletea sanduku na orodha yake, nami nitakuja kuzipiga bila malipo.