Pijo yangu wote waipenda, breki zake hakuna anayeuza

Hii Pijo (Peugeot) 504 yangu nikipita nayo Digo Road hapa Mombasa watu watoa simu wapiga picha, na kuna mzee mmoja pale Mwembe Tayari kila akiniona lazima anikumbushe ndiyo iliyochukua Safari Rally 1975 na tena 1978. Sawa babu, nimesikia, lakini ile ya 1975 ilikuwa saluni ya milango minne na ya 1978 kupe ya milango miwili, yangu mimi ni stesheni, ile ndefu kwa nyuma ya kubeba mikungu ya ndizi, na saa hii sitafuti historia, natafuta silinda za breki za nyuma, vile vibomba vya oili visukumavyo breki.

Ingia duka la spea useme Pijo uone. Kijana wa kaunta akuangalia kama umeulizia tanga la jahazi, halafu "si uweke tu ya Probox, mzee?" Kwao kila ugonjwa dawa yake Probox! Na simlaumu sana maana gari ikizidi miaka 8 haikubaliwi kuingia nchini, kwa hivyo amelelewa na Toyota, na Wafaransa wenyewe stesheni waliacha kuiunda 1983, mamake huyu bado yuko madrasa.

Sasa kuna hizi silinda mpya zilizoundwa juzi. Yarabi! Boksi zuri, silinda yang'aa mpaka wajiona meno, walipa bila kubishana, ukifika kwa fundi nati ya paipu haiingii. Fundi wangu ana vanya yake, kile kipimo cha upana wa matundu, kaifunga kwa kitambaa cha leso, haazimi mtu, akaitoa akapima tundu la ndani, akanionyesha bila kusema neno. Kubwa kuliko ile ya zamani. Muuzaji akwambia ndiyo vizuri, itakuwa na nguvu zaidi, nguvu gani wewe, nyuma ikishika kabla ya mbele siku ya mvua gari yageuka kuangalia ilikotoka. Pedi za mbele nazo ni ngoma nyingine, ati "Pijo ni Pijo", wakati kuna kalipa, yale makoleo yabanayo pedi, za kampuni ya Girling na za Teves, na pedi zake haziingiliani hata ulie.

Kuagiza ng'ambo nako, bei ya silinda yenyewe ni nafuu, usafiri na ushuru ndio vyakufanya ukae chini.

Zile za zamani zimekufa kwa hewa yetu hii. Oili ya breki hunywa unyevu, silinda yala kutu ndani, raba yakwaruzika, oili yavuja yalowanisha lainingi, basi hata handbreki haishiki. Ndio maana nikishuka ile rampu ya feri Likoni lazima niwe na mtoto wa jirani kiti cha nyuma, jiwe mapajani, nikisema "ruka" aruka. Mamake ashaanza kudai apewe mshahara.

Fundi asema tumpe mtu wa leidhi, mashine ya kuchongea vyuma, atoboe zile za zamani atie ndani bushi, kijibomba cha stenlesi, halafu tutafute raba za saizi ile ile. Haya. Na jana tena wamekuja ami zake bwana harusi wa Kisauni, wataka gari ya kumbeba biarusi, wasifia weee, "gari ya heshima hii". Nikawaambia gari ipo, pesa yenu siitaki, nileteeni silinda mbili za nyuma, na nije nizipime mwenyewe kabla ya nikaha.