Msalaba: Wakristo na Waislamu wanabishania nini hasa?

Mjadala wa kusulubiwa kwa Yesu, ambaye Waislamu humwita Nabii Isa, mara nyingi huanzia pasipofaa. Mkristo anataja mashahidi, Mwislamu anataja aya, na kila mmoja huondoka akiamini kamnyamazisha mwenzake. Kumbe walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti. Mkristo alikuwa anathibitisha kwamba kuna mtu alitundikwa msalabani nje ya Yerusalemu. Mwislamu anayefuata tafsiri za zamani, yaani vitabu vya kuifafanua Qurani, wala hakatai hilo: naye anaamini mti ulisimamishwa na mtu akauawa juu yake. Anachokanusha ni kwamba mtu huyo alikuwa Isa mwana wa Maryamu.

Msingi wa msimamo wa Kiislamu ni aya moja, Suratun Nisaa 4:157. Inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, kisha linafuata fungu la maneno matatu lililowashughulisha wafasiri kwa karne nyingi: *walakin shubbiha lahum*, "bali walifananishiwa". Kitenzi *shubbiha* kiko katika kauli ya kutendwa. Aliyefananisha hakutajwa, wala kilichofananishwa hakikutajwa. Mfasiri Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, aliliona tatizo hili waziwazi. Ukisema kilichofananishwa ni Isa, haikai sawa, kwa sababu Isa ndiye aliyefananishwa *naye*. Ukisema ni yule aliyeuawa, huyo hajatajwa popote katika aya. Akapendekeza kwamba kitenzi kinaliangukia neno *lahum* lenyewe, yaani wao ndio waliotiwa katika mkanganyiko.

Kwa hiyo kisa cha mtu mwingine kugeuzwa sura hakimo ndani ya aya. Kimo katika tafsiri. Mfasiri wa kale zaidi, Tabari, aliyefariki mwaka 923, alikusanya riwaya kadhaa na hazilingani. Katika moja, iliyotoka kwa Wahb bin Munabbih, wanafunzi 17 waliokuwa nyumbani pamoja na Isa wote walipewa sura yake, wakamatao wakashindwa kumtambua. Katika nyingine, mmoja wa wanafunzi alijitolea kufa badala yake kwa ahadi ya pepo. Wako pia waliosema ni Yuda msaliti. Riwaya hizi zinaishia kwa Maswahaba na waliowafuatia. Hazimfikii Mtume mwenyewe. Mfasiri Fakhruddin Razi naye aliuliza swali zito kuliko yote: ikiwa sura ya mtu inaweza kuwekwa juu ya mwingine, tutajuaje kwamba tunayezungumza naye ndiye, na habari zilizopokelewa na watu wengi zitaaminikaje? Alilijibu kwa kutegemea uwezo wa Mungu, lakini ni jambo la heshima kwamba swali lilitoka ndani ya elimu ya Kiislamu kabla mpinzani hajaliuliza.

Neno la pili lenye uzito ni *mutawaffika*, katika Aal Imran 3:55, ambapo Mungu anamwambia Isa kwamba "atamtwaa" na kumwinua kwake. Kitenzi *tawaffa* maana yake ya asili ni kuchukua kitu kwa ukamilifu. Katika Qurani mara nyingi humaanisha kufisha, ila 39:42 na 6:60 zinakitumia pia kwa roho zinazochukuliwa usingizini. Ndiyo sababu hata tafsiri za Kiswahili zinapishana: yupo aliyeandika "nitakufisha", yupo aliyezungumzia kukamilishiwa muda wa kuishi. Ibn Abbas, Swahaba wa Mtume, amepokewa akisema maana yake ni kufisha. Wengi wa wafasiri walichagua kutwaliwa akiwa hai, mwili na roho. Mwaka 1942 Mahmud Shaltut wa Al-Azhar, chuo cha Kiislamu cha Cairo, alitoa fatwa kwamba Qurani haimlazimishi Mwislamu kuamini kupaishwa kwa mwili. Waahmadiyya wana njia yao: Isa alitundikwa lakini hakufia msalabani, akaja kufa kifo cha kawaida Kashmir. Waislamu walio wengi wanaikataa.

Upande wa Wakristo, ushahidi mkongwe kabisa si Injili bali ni barua. Katika 1 Wakorintho 15:3-8, iliyoandikwa karibu mwaka 55, Paulo anasema anawakabidhi wasomaji yale aliyoyapokea: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akaonekana. Ni takriban miaka 25 baada ya tukio, na maneno yenyewe ni ya zamani zaidi kwa kuwa alipokea kutoka kwa waliomtangulia. Injili zote nne zinaafikiana juu ya kifo. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, asiyewapenda Wakristo hata kidogo, anaandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato enzi za Tiberio. Jina la Pilato lilipatikana limechongwa kwenye jiwe huko Kaisaria mwaka 1961. Mwaka 1968, kaskazini mwa Yerusalemu, lilifukuliwa kaburi lenye mfupa wa kisigino cha mtu aliyesulubiwa, msumari ungali umeupenya, ncha yake ikiwa imepinda. Mfupa huo unaonyesha adhabu yenyewe ilivyokuwa. Haumhusu Yesu, na anayeutumia kama ushahidi wa kifo chake anakosea.

Hoja ya Mkristo yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya aibu. Kumbukumbu la Torati 21:23 inasema aliyetundikwa mtini amelaaniwa. Hakuna Myahudi ambaye angebuni Masihi wa namna hiyo ili kuwavuta Wayahudi wenzake. Lakini tazama mipaka yake: inathibitisha kwamba wanafunzi waliamini Bwana wao amesulubiwa. Aliyesema macho ya watu yalifananishiwa tayari amekubali kwamba watu waliamini hivyo.

Tofauti ndani ya Injili zipo na hazifai kufichwa. Marko 15:25 anasema alisulubiwa saa ya tatu. Yohana 19:14 anamwonyesha bado yuko mbele ya Pilato saa ya sita. Mwislamu akizitumia kuonyesha kwamba waandishi walipishana, yuko sahihi. Akizitumia kuonyesha kwamba tukio halikuwapo, amevuka mpaka, maana wanaopishana juu ya saa wamekubaliana juu ya tukio.

Injili ya Barnaba, ambayo haimo katika Biblia, iachwe kabisa. Inamweka Yuda msalabani, hivyo inavutia, lakini inataja yubile ya kila miaka 100, utaratibu uliotangazwa na Papa mwaka 1300, na inampeleka Yesu Nazareti kwa mashua ilhali mji huo uko vilimani. Tena inakanusha kwamba Isa ni Masihi, jambo ambalo Qurani inalithibitisha. Dhaifu vilevile ni kusema Mungu asingeruhusu nabii wake auawe: Qurani 2:61 na 2:87 zinazungumzia manabii waliouawa.

Wakristo nao huharakisha kusema aya ya Nisaa imechukuliwa kwa Basilides, mwalimu wa Kignosti wa karne ya 2, ambaye askofu Ireneo, karibu mwaka 180, alimnukuu akidai kwamba Simoni Mkirene ndiye aliyesulubiwa. Kufanana kupo, ila sababu ni kinyume. Basilides aliona Kristo ni wa kiroho mno hata asiweze kuteseka. Qurani 5:75 inasisitiza kwamba Isa na mama yake walikuwa wakila chakula.

Kinachowatenganisha zaidi ni kazi ya kifo hicho. Kwa Mkristo, kifo ni kafara, na Paulo anasema wazi kwamba kama Kristo hakufufuka imani ni bure. Kwa Mwislamu, Adamu alitubu akasamehewa (2:37), na hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (6:164). Hata Isa angesulubiwa, Mwislamu asingeona kafara pale. Angeona nabii aliyedhulumiwa. Lakini hawezi kuliachia jambo hili kirahisi, kwa sababu aya imetamka, na kwake kuanguka kwa aya moja ni kuanguka kwa Kitabu chote.

Hapo hutajwa Sura ya Maryam 19:33, ambapo Isa anasema amani iko juu yake siku aliyozaliwa, siku atakayokufa, na siku atakayofufuliwa. Mkristo huona hapo kifo kilichokwisha kutokea. Mwislamu anasoma wakati ujao: kwa hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, Isa atashuka, ataishi duniani miaka 40, kisha atakufa na Waislamu watamswalia. Sarufi haimsaidii yeyote kati yao, kwani aya ya 15 ya sura hiyohiyo inatumia kitenzi kilekile kwa Yahya (Yohana Mbatizaji), ambaye alikwisha kufa. Kwa hiyo wote wawili wanaamini kwamba Isa hufa. Kwa Mwislamu kifo hicho kingali mbele. Kwa Mkristo, kama Warumi 6:9 isemavyo, Kristo akiisha kufufuka katika wafu hafi tena.