Kamba Hukatika

Najua mmeshaiona klipu yangu ya mwembeni. Tangu asubuhi kila ninayefungua ujumbe wake kaniletea picha ya mwembe. Mwengine katuma kikaragosi cha ng'ombe, bila ya salamu, bila ya neno. Binamu yangu aliyeko Muscat, ambaye hata msiba wa ami yetu hakupiga simu, huyo jana kapiga, na hakuweza kusema kitu kwa kicheko. Basi nipisheni na mie nizungumze, maana klipu hiyo aliyoirusha swahiba wangu wa Chake Chake, Pemba, imeanzia kati na imekatwa pale panapomfaa yeye.

Wenye kujua wanajua, watu wakishapumzika na karafuu, Pemba kuna mchezo wa ng'ombe. Pujini, Chwale, Kengeja, huko ndiko kwenyewe. Niliko kwenda mie sikutaji, wenyeji wameshaniona vya kutosha. Ng'ombe hauawi wala hachomwi kitu. Anachezwa kwa guo, anachokozwa kwa zumari, kisha anarudishwa kwao akala majani yake. Watu wanasema tuliachiwa na Wareno, hao hao waliong'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Maelezo haya nilimpa swahiba juu ya pikipiki njia nzima, milima inapanda na kushuka, mie nyuma namsomesha historia ya kisiwa chao. Asubuhi yake nilipita pale ngome ya zamani ya Chake, siku hizi ni makumbusho, nikatoka kichwa kimejaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, leo utawaona Wareno wako."

(Na nyie mlioniandikia kwamba ngoma za mahotelini si ngoma, niende Pemba nikaone asili yenyewe, dhambi zenu mnazo shingoni.)

Jambo jengine ambalo klipu haisemi. Mie magoti yangu ni ya Darajani, mjini Unguja, yamezoea tambarare. Chake mji wa kilimani, ukitoka sokoni ama unapanda ama unateremka, hakuna la tatu. Kwa hiyo nilifika uwanjani miguu imeshachoka, na aliyechoka hukata shauri vibaya. Liandikeni hilo.

Swahiba aliniambia nisivae kanzu. Nikamjibu kwamba nakwenda kwenye utamaduni wa watu, lazima niende na heshima. Nikavaa kanzu mpya, nyeupe pepepe, na kofia ya viua. Tulipofika, vijana wote wamevaa suruali wamekunja mpaka magotini. Nikawahurumia.

Uwanja wenyewe ni shamba lililofyekwa, miembe imezunguka. Watoto wamejaa matawini, kina mama wamejipanga kivulini na kanga zao wakiimba, zumari inalia, ngoma zinaitika. Ng'ombe akatolewa. Dume, nundu hiyo, ana kamba ndefu, na mwisho wa kamba kuna vijana wameishika. Swahiba akaninong'oneza, "Usiwe na wasiwasi, kafungwa." Nikamwambia simuogopi, nataka picha nzuri. Nikasogea mbele. Kisha nikasogea tena.

Hapa naomba twende taratibu, maana hapa ndipo heshima yangu ilipoondokea.

Mchezaji akaingia na guo lake, akacheza mbele ya yule dume kwa madaha. Zumari ikapandisha. Ng'ombe akapara ardhi, vumbi likaruka. Mchezaji akatikisa guo. Ng'ombe akaja. Mchezaji akajipinda, ng'ombe akampita, na nyuma ya mchezaji hakukuwa na kitu isipokuwa kanzu nyeupe na mie ndani yake. Macho yetu yakakutana. Mabingwa wa klipu mnasema hakuniangalia. Aliniangalia, wallahi.

Sasa, mbio hakuna. Mnaonicheka kwa kukimbia, irudieni tena polepole. Nimesimama na simu mkononi. Halafu niko juu ya mwembe. Katikati hapana kitu. Mie mwenyewe nimeiangalia mara nyingi nikitafuta nilivyopanda na sijajiona.

Ninachokikumbuka ni sauti yangu ikimwambia mtoto wa watu, "Sogea baba, mjomba akae." Naye, Mungu amkuze, akasogea. Kisha nikapanda tawi la juu yake, ambalo nilishangaa kulikuta tupu ilhali mti mzima umejaa watu. Nikashukuru kwa bahati yangu.

Chini yangu kidogo, kwenye tawi nene lililoinama karibu na ardhi, pamekaa bibi mmoja. Ametulia kama yuko barazani kwake, anatafuna tambuu. Nikaona nisimpite mtu mzima bila ya adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umepanda kufanyani huko?"

"Ng'ombe, bibi."

"Kafungwa."

Nikatazama chini. Ng'ombe kasimama, kamba imekazika, na baina yake na shina la mwembe pangeweza kuegeshwa lori na watu wakapita. Kila aliyekuweko pale alikuwa anajua kamba inaishia wapi. Watoto wa madrasa walikuwa wanajua.

Nikamwambia, "Bibi, kamba hukatika."

Akafikiri. Akatema tambuu pembeni. "Hukatika, lakini hii mpya."

Ningeshuka hapo hapo, nikajikung'uta, mambo yakaisha. Lakini wa kwanza akaniuma nyuma ya goti. Nikajisemea, vumilia, bibi anakutazama. Wa pili akaniuma juu zaidi. Nikageuza uso, nikaona pale nilipoweka mkono ni majani yaliyoshonwa pamoja, yamekuwa bunda, na bunda linatembea. Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini! Wachumaji wa karafuu mnaosoma hapa hamhitaji maelezo.

"Mwanangu," bibi akasema, wala hakunyanyua sauti, "tawi hilo lao."

Kanzu ina sifa moja tunayoisifia sote: hewa inaingia chini ikapanda hadi kifuani bila ya kizuizi. Majimoto nao wanaijua sifa hiyo. Walipanda kwa mpango, wengine kushoto, wengine kulia, wakakutana mahala ambapo sitapataja kwa sababu shangazi yangu naye yumo humu. Mkono mmoja nimeshika tawi, wa pili najipiga, na kila nikijipiga wanaongeza bidii. Simu ilikuwa imeshaanguka zamani. Nikapitisha azimio. Kanzu itoke.

Kuvua kanzu juu ya mwembe si jambo la kujaribu, na hasa kanzu ambayo fundi kaifanya shingo ya kubana. Nikaipandisha mpaka kiunoni. Nikaipandisha mpaka kifuani. Ikafika kichwani ikakataa. Basi piga picha: mikono juu, kichwa ndani ya kanzu, sioni mbele wala nyuma, miguu imekumbatia tawi, na kuanzia shingo kwenda chini sina isipokuwa bukta.

Zumari ikanyamaza. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba zumari huwezi kuipuliza huku unacheka, midomo inakataa. Ngoma nazo, zilipokosa zumari, zikaacha moja moja. Uwanja mzima ukatulia. Nikiwa humo gizani nikawa nasikia pumzi zangu tu na majani. Na katika utulivu huo, sauti ya kitoto kutoka tawi la chini ikasoma kilichoandikwa nyuma yangu:

"Yanga!"

Ya Rabi. Nyie mnanijua. Kila wiki nawachosha humu na Simba yangu, kuna niliogombana nao, kuna waliojitoa kwenye kundi. Bukta ile ni ya mdogo wangu, zilifuliwa pamoja, na hilo sitolijadili na mtu.

Kicheko kilichofuata ndicho mnachokisikia kwenye klipu, kile kinachokwaruza. Kina mama hawakukawia. Mmoja akaanzisha, wengine wakapokea, ngoma zikaingia, mie bado kichwa kiko ndani:

"Mgeni katoka mjini,
kanzu kaivua mtini,
na ng'ombe yuko kambani,
kamkimbia wa nini?"

Nimekaa mjini miaka nalipa kiingilio kusikiliza watu wakiimba. Hawa walinitungia papo hapo, vina vyote vimekaa, na kwa hasira zangu zote nikajikuta nautikisa mguu kwa ule mdundo. Ndio mguu ulioteleza.

Nikaanguka. Kanzu ilibakia juu. Iko mpaka leo, hakuna anayekubali kuifuata. Klipu inaishia hapo.

Mengine ni haya kwa ufupi. Nikanyanyuliwa, nikaingizwa nyumba ya jirani, nikapakwa mafuta ya nazi, nikapewa kikoi cha mwenye nyumba na chai ya mchaichai. Nikakaa dirishani. Watu wema, hakuna aliyecheka mbele yangu, walikuwa wakitoka nje kwanza.

Sasa njooni kwenye lile ambalo hamkuambiwa.

Dume wa kwanza akarudishwa, akatolewa mwengine. Mwekundu, mfupi, ana haraka. Mie niko dirishani na kikombe changu. Zumari ikapandisha, guo likatikiswa, ng'ombe akaja, akapinda ghafla, nikasikia pap! Kamba hiyo, nusu ardhini, nusu shingoni mwa ng'ombe anayekwenda anakotaka.

Wenyeji wakapanda miti yao kwa utaratibu, kila mmoja na tawi lake. Bibi hakujisumbua, alikuwa yupo tayari, akakunja miguu tu. Swahiba wangu, yule bingwa wa kurekodi, yule wa "usiwe na wasiwasi", mtoto wa mjini Chake ambaye kijiji kile hakijui vizuri zaidi yangu, nikamwona kwa macho yangu anauparamia ule ule mwembe. Matawi yote yamejaa. Akakuta moja tupu. Akalikalia.

Nilitaka kumwita nimuonye. Lakini nilikuwa na chai mdomoni.

Ng'ombe alishikwa baada ya muda, alikuwa kasimama migombani anakula. Swahiba ndiye hakushuka upesi. Na mie ndio sina ushahidi, simu yangu imepasuka kioo na ya kwake ilikuwa mfukoni mwake, ikiumwa pamoja naye. Shahidi ni bibi peke yake, na bibi hana simu.

Leo kaulizwa kwenye kundi mbona kwenye picha za kazini jicho moja limefumba. Kajibu ana mzio wa dagaa. Dagaa! Muulizeni dagaa wa wapi hao wanaouma juu ya kope, na kwa nini kwenye picha ile ile kakaa upande mmoja wa kiti.