Ndege na rangi zake: mapendekezo mawili kwa shirika la simuleta la Visiwani

Hapa Unguja kipo kikundi kidogo cha watu wanaorusha ndege kwenye simuleta, yaani programu za kompyuta kama Microsoft Flight Simulator na X-Plane, na sasa kimeamua kuanzisha shirika lake la ndege la kimtandao: halina abiria wala tiketi, lakini lina ratiba, marubani, ndege na rangi zake. Wanachama wamewekewa mapendekezo mawili. La kwanza linataka tuige mashirika ya kweli, ndege kwa ndege na rangi kwa rangi, kuanzia Boeing 787-8 ya Air Tanzania yenye twiga mkiani hadi Caravan, zile ndege ndogo za Cessna zinazotua kila siku katika uwanja wa Abeid Amani Karume. La pili linataka jina letu wenyewe, nembo yetu na ndege za aina chache. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimefunga pamoja mambo ambayo yalifaa yatenganishwe, kwani kuchagua ndege ni suala moja na kuchagua rangi ni jingine, na kipimo cha hili hakifai kwa lile.

Tuanze na ndege. Kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam ni kilomita sabini na kitu, safari ya dakika 20 hivi. Kwenda Pemba ni kama kilomita 125, nusu saa kwa ndege ndogo. Uwanja wa Pemba una njia ya kurukia yenye urefu wa takriban mita 1,500. Cessna Caravan huhitaji chini ya mita 700 kuondoka na kupanda, kwa hiyo haina shida. ATR 72, ndege ya abiria ya mapanga mawili, ikijaa huhitaji kama mita 1,300 katika hali ya hewa ya wastani, na joto letu huongeza, kwa hiyo rubani wake analazimika kupiga hesabu ya uzito kabla ya kuwasha injini. Boeing 737-800 iliyojaa huhitaji zaidi ya mita 2,000, na hapo hakuna mjadala. Simuleta haitamzuia mtu kuitua Pemba ikiwa na mafuta kiduchu na viti vitupu, lakini shirika linaloweka safari hiyo kwenye ratiba yake litakuwa limeacha kuiga urushaji na kuingia katika maonyesho.

Hata hivyo, wanaotaka jeti wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Njia ya kurukia ya Unguja, baada ya kurefushwa, imezidi mita 3,000, na ndege za Qatar Airways, Turkish na Ethiopian zimekuwa zikiitumia kwa safari za Doha, Istanbul na Addis Ababa. Jeti kubwa kutoka Unguja si ndoto, basi. Zaidi ya hayo, kijana anayenunua usukani wa kuchezea kwa fedha za kudunduliza havutwi na Caravan. Anavutwa na 787, na shirika lisilo nayo litampoteza kabla hajajua kwamba kuvuka kwenda Pemba kwa ndege ndogo, Mnemba ikibaki kushoto, kisha bahari tupu mpaka Mkoani na Misali zianze kuonekana, ndiko kunakofundisha kazi. Ninachokipinga ni wingi wa aina. Pendekezo la kwanza lina takriban kila aina iliyowahi kutua Tanzania, na rubani anayebadilisha ndege kila wiki hujua vitufe vya zote bila kuimudu hata moja.

Kuhusu rangi, hoja bora ya kuiga haina uhusiano na uzuri. Katika mitandao ya VATSIM na IVAO, ambako maelfu ya marubani wa simuleta hurushia ndege katika anga moja, kompyuta ya kila mmoja huchagua yenyewe rangi za ndege za wengine kwa kutazama aina ya ndege na herufi tatu zinazotambulisha shirika. Ukitumia herufi za shirika linalojulikana, mwenzako aliye mbali ataiona ndege yako ikiwa na rangi zake, mradi awe na picha zake. Ukitumia herufi mlizobuni, ataona ndege nyeupe au rangi ya shirika lingine kabisa, isipokuwa naye amepakua faili zenu. Nembo tutakayoisumbukia kwa miezi, kwa hiyo, tutaiona sisi kwa sisi.

Upande wa pili wa mizani una mambo mawili. Nembo ni mali ya mtu, na Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwanda, Namba 4 ya 2008, pamoja na usajili wake wa alama za biashara, tofauti na ule wa Bara. Mashirika mengi ya ndege huwafumbia macho wanaoiga bila kutafuta faida, lakini kufumbiwa macho si kupewa ruhusa. Jambo la pili linanigusa zaidi. Picha za simuleta za siku hizi zinafanana mno na za kweli. Picha ya Caravan imelala majini karibu na Chumbe, ikiwa na rangi za kampuni ambayo watu wanaipanda kwenda kazini, inaweza kufika katika makundi ya WhatsApp ya Chake Chake kabla aliyeitengeneza hajamaliza kucheka, na jamaa za wasafiri wakaanza kupiga simu. Rangi ya kubuni haiondoi hatari hiyo yote, lakini inampa mtazamaji makini sababu ya kusita.

Wanaotaka rangi yetu, kwa upande wao, wanazungumza kana kwamba kuchora ni kazi ya jioni moja. Rangi ya ndege ya simuleta ni seti ya picha bapa zinazofunikwa juu ya umbo la ndege, na kila picha kubwa huwa na pikseli 4,096 kwa 4,096. Hata ikibanwa, picha moja ya namna hiyo hufikia megabaiti 16 au zaidi, na ndege moja huhitaji kadhaa: za rangi yenyewe, za mng'ao, za mistari ya bati na misumari. Anayepakua kwa bando la simu ataliona hilo haraka. Baadhi ya watengenezaji, ili kuokoa nafasi, hutumia picha moja kwa pande zote mbili za ndege, na matokeo yake jina la shirika husomeka sawasawa upande wa kushoto na kinyumenyume upande wa kulia; njia pekee ni kuacha maandishi au kuchagua umbo la mtengenezaji mwingine. Weupe nao una hila, kwa sababu nyeupe kamili, chini ya jua la simuleta, hufuta mistari yote na ndege ikaonekana kama karatasi, hivyo wachoraji wazoefu huipunguza kidogo. Picha zilizochorwa kwa Caravan ya mtengenezaji mmoja hazikai kwenye Caravan ya mwingine, na zile za toleo la 2020 la Microsoft Flight Simulator huhitaji kupangwa upya ili zikubalike kwenye ndege zilizoundwa kwa mfumo wa toleo la 2024. Kila aina ya ndege tunayoiongeza inazidisha kazi hii yote, na hapo ndipo masuala mawili niliyoyatenganisha yanapokutana tena.

Msimamo wangu ni kwamba katika ndege tufuate ukweli, na katika rangi tubuni. Caravan iwe ndege ya kwanza, ATR 72 ya pili, na jeti moja iruhusiwe kuondoka Unguja tu. Mkiani napendekeza popo wa Pemba, yule mkubwa anayelala mitini Kidike na ambaye hapatikani popote nje ya Pemba. Wapo waliocheka waliposikia popo. Wao wanataka kima punju, mnyama mzuri bila shaka, ila haruki. Rangi za bendera ya Zanzibar, buluu, nyeusi na kijani, zitoshe kuwa mistari myembamba ubavuni, kwa kuwa bendera nzima mkiani itatufanya tuonekane chombo cha Serikali.

Ningeacha nafasi kwa ndege moja tu ya kuigwa, Dakota, yaani DC-3, ya East African Airways. Shirika hilo lilianza 1946, Zanzibar ikiwa miongoni mwa wamiliki wake, likafa 1977, na simba wa nembo yake hawezi tena kumchanganya msafiri yeyote. Umbo la DC-3 limo ndani ya Microsoft Flight Simulator tangu toleo la kuadhimisha miaka 40 lililotoka 2022, kwa hiyo hakuna la kununua. Kinachohitajika ni mtu mwenye subira ya kuchora, naye akipatikana aanze na Caravan kwanza, kwa sababu ndiyo itakayorushwa kila siku.