Coastal Ikifungwa, Nani Atakutania?

Kuna mtangazaji mmoja wa michezo huko Dar aliyeniharibia chai asubuhi ya juzi. Alikuwa anaizungumzia picha ya jukwaa la Mkwakwani, uwanja wetu wa hapa Tanga, iliyozagaa mitandaoni, saruji tupu na watu wachache wamejibanza kwenye kivuli, akatoa hukumu yake pale pale: watu wa Tanga hawapendi mpira. Akacheka. Mwenzake naye akacheka. Kisha wakaingia kwenye tangazo la kubeti.

Hawapendi mpira! Tanga hii iliyomtoa bingwa wa Bara mwaka 1988, Coastal Union, wakati mtangazaji mwenyewe, kwa sauti ile, sidhani kama alikuwa ameota meno. Tanga ambayo ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani utapewa kikosi cha Coastal cha mwaka ule, namba moja mpaka kumi na moja, pamoja na nani alikuwa na goti bovu.

Haya, picha ni ya kweli. Siwezi kuipinga. Coastal, Wagosi wa Kaya, wakicheza na timu ya kawaida, tuseme Namungo au Dodoma Jiji, unaweza kukaa upande wa pili wa uwanja ukasikia kocha anavyomfokea beki wake wa kushoto neno kwa neno. Muuza karanga anazunguka mara mbili kisha anakaa chini aangalie mpira, maana wateja wamekwisha. Sasa subiri siku ya Yanga au Simba. Foleni tangu asubuhi, bodaboda zimejaa hadi barabarani, na ndani ni njano na kijani au nyekundu na nyeupe. Mgeni akifunga bao, uwanja unalipuka. Timu ya nyumbani imefungwa nyumbani, na nyumbani ndiko kunakoshangiliwa.

Kwa hiyo mpira tunaupenda, miguu ya kwenda uwanjani tunayo, na hela ya kiingilio, ambacho siku hiyo hupanda, inapatikana. Kitu gani basi kinakosekana zile siku nyingine?

Nimesikia majibu yote. Televisheni: kweli, ukiwa na king'amuzi cha Azam unaona marudio na kivuli unacho. Muda: mechi ya saa 8 mchana siku ya kazi, mtu wa bandarini aende vipi? Vyoo vya uwanjani: tusiongee, tunakula. Matokeo mabovu: nitalirudia hili, maana ndilo uongo mkubwa kuliko yote.

Jibu langu mimi ni utani. Mtu haendi uwanjani kwa sababu timu yake ni nzuri. Anakwenda kwa sababu kesho yake kuna mtu atakayemsubiri. Yanga akifungwa Jumamosi, Jumapili huwezi kupita mbele ya duka la Mangi bila kuitwa. Simu inaita, ni shemeji yako ambaye hakukupigia hata ulipolazwa. Kazini kuna mtu kavaa jezi juu ya sare, makusudi. Hiyo ndiyo kodi ya kuwa mnazi, na ndiyo raha yake, maana zamu yako inakuja. Sasa niambie: Coastal akifungwa na Dodoma Jiji, nani Tanga nzima atakutania? Nani atajua hata kama umeumia? Unakwenda nyumbani kimya kimya, unakula ubwabwa wako, basi. Mapenzi ambayo hakuna anayekuchokoza kwa ajili yake hayakui. Yanalala.

Na sisi tulikuwa na mchokozi wetu. Hili ndilo mtangazaji wa Dar hawezi kulijua, na vijana wengi wa hapa hapa wameshaanza kulisahau. Tulikuwa na African Sports, Wana Kimanumanu. Mji huu ulikuwa umegawanyika katikati, na mgawanyiko ulipita ndani ya nyumba. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa Sports, bibi Coastal, na ndoa yao ilistahimili mambo mengi lakini wiki ya mechi chakula kilikuwa kinapakuliwa bila salamu. Sports wakifungwa, babu alikuwa hatoki nje. Sigara alimtuma mtoto, na mtoto mara nyingi nilikuwa mimi. Wazee wa kahawa walikuwa wananivizia pale kona, wananipa kashata, na sharti la kashata ni moja: nikifika nyumbani nimwambie babu kwa sauti, "Wazee wanauliza kama unaumwa." Nilikuwa nakula kashata kabla ya kusema, kwa usalama. Babu alikuwa anajibu tusi la Kidigo ambalo sitaliandika hapa, halafu Jumatano anavaa kanzu yake anakwenda pale pale kijiweni kulipa deni la maneno.

Hao watu wawili walikuwa na timu ya Dar pia. Bibi alikuwa Yanga, na mimi unazi wangu wa Yanga nimeurithi kwake na sitamwomba mtu radhi. Lakini timu ya Dar ilikuwa mambo ya redioni. Coastal na Sports ilikuwa mambo ya ukumbini, ya mtu unayelala naye kitanda kimoja.

Halafu mwaka 2016 ukafika. Timu tatu za mkoa huu, Coastal, Sports na JKT Mgambo, zote zilikuwa Ligi Kuu, na zote tatu zikashuka daraja msimu ule ule. Zote. Nafasi tatu za kushuka, Tanga tukazichukua zote kama tumezilipia. Coastal ilirudi mwaka 2018. Sports hadi leo anahangaika huko madaraja ya chini, na wakati wote huo kuna watoto wamezaliwa, wamekua, wamechagua timu. Unadhani wamechagua nini? Shuleni hakuna wa kubishana naye kuhusu Coastal. Kila mtoto anataka ubishi, ndio utoto wenyewe, na ubishi uliopo sokoni ni mmoja tu, wa Kariakoo, Simba na Yanga. Wakachukua huo. Ndio hao leo wanajaa Mkwakwani mara mbili kwa msimu wakishangilia bao dhidi ya mji wao. Siwezi hata kuwakasirikia vizuri.

Sasa turudi kwenye matokeo, maana kuna wajuaji wanasema timu ishinde kwanza, watu watakuja. Mwaka 2022 Coastal ya Juma Mgunda, mtoto wa hapa na mchezaji wake wa zamani, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini dhidi ya Yanga pale Arusha. Abdul Sopu akamfunga Yanga mabao matatu peke yake. Matatu! Ikaisha 3-3, tukatolewa kwa matuta. Mimi niliitazama kwenye kibanda umiza Makorora. Sopu alipofunga la kwanza, nusu ya kibanda ilinyamaza, na hao walionyamaza nawafahamu, wazaliwa wa Tanga kabla ya reli. Na mimi mwenyewe, Yanga wa bibi, siku ile nilikuwa nimeshika kichwa sijui nilie upande gani, lakini nilisimama kwa Sopu. Nilisimama, kiti kikaanguka. Miezi michache baadaye Sopu yuko Azam, Mgunda yuko Simba. Hatujamaliza hata kusimulia.

Msimu wa 2023/24 tukamaliza nafasi ya nne. Juu yetu walikuwa Yanga, Azam na Simba tu. Kipa wetu Ley Matampi akawapita makipa wote wa ligi kwa mechi za kucheza bila kuruhusu bao, akiwemo Djigui Diarra wa Yanga. Tukapata tiketi ya Afrika. Wangapi walijaza Mkwakwani kuwashukuru? Nisijibu. Na zawadi ya mafanikio ikawa hii: Waangola wa Bravos do Maquis wakatutoa raundi ya kwanza kabisa, 3-0 kwao na suluhu huku kwetu, na "kwetu" yenyewe ilikuwa Dar es Salaam. Msimu huo wa Waangola, 2024/25, kwenye ligi Yanga na Simba tukazipokea Arusha. Nyumbani kwetu Arusha! Zaidi ya kilomita 400 kutoka Ngamiani. Najua Mkwakwani ulikuwa na matatizo yake, na ni mali ya CCM, klabu ni mpangaji tu. Sawa. Ila usiniambie habari za uaminifu wa shabiki mwaka ambao timu yenyewe ilikuwa inalala hotelini kwenye mechi za nyumbani.

Hapo angalau Coastal wanaweza kusema hawakupenda. Wako wanaopenda. Ratiba inasema timu fulani mwenyeji, lakini akija mkubwa wa Kariakoo mechi inahamishiwa mkoa mwingine wenye uwanja mkubwa, mapato ya mlangoni yaongezeke. Na Ihefu? Wale watu wa Mbarali, pale Ubaruku, Novemba 2022 timu yao ilimsimamisha Yanga aliyekuwa amecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Msimu uliofuata akaja tena, akafungwa tena pale pale. Kijiji kizima kilikuwa na hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Mwaka 2024 timu ikafungashwa ikapelekwa Singida, ikabadilishwa jina, leo ni Singida Black Stars. Wale wa Ubaruku washangilie nini sasa, nyasi?

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba viongozi wa klabu ndogo wana hesabu ngumu. Mapato ya mechi mbili za wakubwa yanalipa mishahara ambayo mechi nyingine zote haziwezi kulipa. Kocha ana familia. Beki anadai. Ukiwa mhasibu pale, na wewe ungeihamisha. Lakini mhasibu asije kulalamika redioni kwamba mashabiki hawana mapenzi.

Watu wa Uingereza wanapenda kutolewa mfano, basi na mimi nitoe mmoja halafu niachane nao. Sunderland walishuka mpaka daraja la tatu, na msimu wa 2018/19 bado walikuwa wanaingiza wastani wa zaidi ya watu 30,000 nyumbani. Kila mtu anasema ni uaminifu. Sawa, ni uaminifu, lakini pia ni Newcastle. Jirani yupo pale pale, anacheka, na hakuna Msunderland anayetaka kuonekana ameacha kwenda uwanjani mbele ya macho ya jirani. (Simba wenyewe waliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Hilo liwe zawadi kwa wanaopenda kubishana.) Na hapa kwetu, Mbeya City alipopanda msimu wa 2013/14 akamaliza wa tatu na uwanja wa Sokoine ukawa unafurika, mnasahau kwamba Prisons, timu nyingine ya Mbeya, alikuwa kwenye uwanja huo huo. Mbeya walikuwa na wa kumtambia palepale mtaani.

Ndiyo maana kampeni za "tuipende timu ya mkoa wetu" hunikera. Mkuu wa wilaya anavaa jezi mpya, lebo bado inaning'inia, anasema uzalendo, anapigwa picha, anaondoka dakika ya 30. Mapenzi hayaagizwi kwa barua yenye nembo. Uzalendo ni wa bendera. Mpira unataka mtu wa kumkasirikia.

Kwa hiyo ombi langu kwa uongozi wa Coastal halihusu usajili wala jezi, ambayo kwa kweli ni nzuri. Mleteni Sports. Kila mwaka, kabla ligi haijaanza, Coastal na Sports pale Mkwakwani, Jumamosi jioni, kiingilio cha mtu wa kawaida, watoto wa shule bure. Mapato gawaneni nusu kwa nusu, na nusu ya Sports iwasaidie kupanda, maana kupanda kwao ni faida yenu. Mwenyekiti wa timu iliyofungwa awapikie wenzake pilau, tena ale nao. Waiteni wazee waliocheza miaka ile wakae mbele wapeane kashfa kwenye kipaza sauti. Nawahakikishia hata wale vijana wa njano na nyekundu watakuja, kwanza kushangaa, halafu mmoja atamzomea babu wa mwenzake na shughuli itakuwa imeanza.

Najua jibu litakuwa ratiba imebana na bajeti haipo. Simba wana Simba Day yao, Yanga wana Wiki ya Mwananchi, na mabasi ya kutoka Tanga kwenda huko hayajawahi kukosa abiria.