Utafiti wa kwantamu unafanyika hata Dodoma

Ndugu mwandishi, asante kwa makala, ila hapo uliposema kompyuta za kwantamu, yaani zinazokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo kama atomu, ni kazi ya nchi tajiri tu, naomba nikupinge. Mimi ni mtafiti wa fani hiyo, nipo hapahapa Dodoma. Mashine yenyewe kweli hatuna. Chipu zake nyingi hupozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, na mtambo huo ni ghali mno. Lakini mwaka 2016 kampuni ya IBM walifungua yao kwa umma kupitia intaneti. Naandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, naituma, inakaa foleni, kisha narudishiwa majedwali ya sifuri na moja, mengine yamejaa makosa. Kuyadhibiti makosa hayo ndiyo kazi yangu, na sehemu kubwa ni hesabu za matriksi (namba zilizopangwa kwa safu) kwa kalamu na karatasi. Jamani, vijana wa hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaziweza!

Halafu kuna usalama. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kwamba mashine hii ikiwa kubwa vya kutosha itavunja usimbaji wa RSA, mbinu inayolinda siri nyingi mtandaoni. Marekani walishatoa viwango vipya vya usimbaji wa kuhimili mashine hizo Agosti 2024. Benki zetu na Mamlaka ya Serikali Mtandao waanze kuwaajiri vijana hawa sasa.