Kipunji si nyani, hata vinasaba vikimwita hivyo

Siku hizi wapenzi wa sayansi wengi husema enzi ya kupanga viumbe kwa kulinganisha meno, mifupa na manyoya imepita. Soma vinasaba, kazi imekwisha. Hoja hiyo ina uzito, maana macho hudanganyika. Mangabe wote, kima wa misitu ya Afrika, waliwahi kuwekwa katika jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) kwa kuwa wanafanana, mpaka molekuli zikaonyesha kuwa kundi moja ni ndugu wa nyani na jingine ni ndugu wa mandrili, kima mkubwa mwenye uso wa rangi kali. Kwa bakteria, ambao umbo lao halisemi mengi, sina ubishi kabisa.

Ila kipunji, kima wa misitu ya milimani nchini Tanzania, ananipa shaka. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla watafiti hawajamwona kwenye misitu ya Mlima Rungwe mwaka 2003. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya kwa picha tu, bila mzoga, akaingizwa kwa mangabe: anaishi juu ya miti, kope zake nyeusi, na ana kishungi cha nywele utosini. Baadaye kipunji kijana akafa katika mtego wa mkulima. Vinasaba vyake vilipopimwa, ndugu yake wa karibu akawa nyani.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia, wakavipigia vinasaba makofi. Lakini mbona hakuitwa nyani? Kwa sababu fuvu lilikataa: halina ule mdomo mrefu wa nyani uliochongoka. Utasema alikuwa mdogo, na mdomo hurefuka kwa umri. Sawa, lakini watazame basi watu wazima pichani. Ndiyo maana mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Kisha yakaja makubwa zaidi. Uchunguzi uliofuata ulikuta vinasaba vya mitokondria (visehemu vya seli vinavyozalisha nishati, vyenye vinasaba vyao) vya kipunji wa Rungwe vimekaa katikati ya vile vya nyani wa manjano, ilhali vya kipunji wa msitu wa Ndundulu, kule kwenye milima ya Udzungwa, havimo humo. Maelezo yanayoelekea kuwa kweli ni kwamba zamani walichanganyika. Mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo bibi mmoja wa kinyani wa kale anatosha kuacha alama hiyo ukoo mzima. Anayefuata uzi huo peke yake itambidi awaandikishe kipunji wa Rungwe kuwa nyani na kuwatenga na wenzao wa Ndundulu, wenye kishungi kilekile na maisha yaleyale ya mitini. Tuukubali uamuzi huo kwa sababu tu umetoka maabara?

Na wale mangabe? Baada ya molekuli kuwatenganisha, wanaanatomia walirudi kwenye mifupa, na mwaka 1999 wakaonyesha tofauti zilizokuwapo siku zote katika mifupa ya mikono na katika meno. Wale walio ndugu wa mandrili wana magego ya mbele makubwa, ya kupasulia mbegu ngumu wanazookota chini msituni. Mnyama anakula nini na anakipataje, hilo molekuli zilizowatenganisha hazikuwa zimelitaja.